Soundex husikia kwa sikio la Kiingereza

Mhariri,

Kila linapozuka suala la jina moja kuonekana mara tatu kwenye orodha, au la mtu kuambiwa hayumo ilhali yumo, hakosekani mjuzi wa kusema dawa yake ni Soundex, mbinu ya kompyuta inayogeuza jina kuwa ufunguo mfupi kwa kufuata sauti zake, ili majina yanayosikika sawa yapate ufunguo mmoja. Muulize kwa nini Soundex, atakujibu kwamba imo tayari ndani ya hifadhidata, unaiita tu kwa jina. Ni kweli imo: MySQL inayo, PostgreSQL inayo kama nyongeza, SQL Server inayo. Lakini kuwamo si kufaa. Naomba nafasi nieleze inakokosea kwa majina yaliyoandikwa Kiswahili, mbinu nyingine zinapima nini, na zipangwe vipi ili zisaidiane.

Tuanze na makosa yenyewe, kwa sababu wengi huchagua mbinu kabla ya kujua wanatibu nini. Jina hupotoka kwa njia tatu. Lipo kosa la sikio: mwandishi anaandika alichosikia, Rehema akawa Lehema, Halima akawa Alima. Lipo kosa la mkono: tahajia anaijua, kidole kimetangulia, Hamisi akawa Haimsi. Na lipo kosa la hati, pale jina linapohamishwa kutoka maandishi ya aina nyingine na kila mtu akafuata kanuni zake. Herufi moja ya Kiarabu, dhadi, ndiyo iliyotuletea Ramadhani, Ramadan na Ramazani, kwa kuwa Waajemi na Waturuki huitamka z. Katika kundi hili la tatu waweke pia mashine za kusoma karatasi zilizopigwa picha, zinazoona r na n zilizobanana zikazifanya m, au l ikawa tarakimu 1. Mbinu ya sikio haina habari na kidole kilichoteleza, na mbinu ya kidole haijui kwamba dh na z hutoka mahali karibu mdomoni.

Soundex ni mbinu ya sikio. Robert C. Russell aliisajili hataza yake Marekani mwaka 1918, na miaka ya 1930 ikatumika kupanga kadi za majina ya sensa za nchi hiyo. Kanuni zake zinaenea kwenye kiganja. Herufi ya kwanza inabaki kama ilivyo. Zinazofuata zinageuzwa tarakimu: b, f, p, v ni 1, c, g, j, k, q, s, x, z ni 2, d na t ni 3, l ni 4, m na n ni 5, r ni 6. Irabu zote pamoja na h, w na y zinatupwa. Herufi za tarakimu moja zikigusana zinahesabiwa mara moja. Matokeo ni herufi moja na tarakimu tatu, na zikipungua unajaza sifuri.

Tuipitishe Ramadhani. R inabaki, m inatoa 5, d inatoa 3, h inatupwa, n inatoa 5: R535. Ramadan naye ni R535, vizuri. Ramazani ni R525, na hapo kamba imekatika. Hilo ni dogo. Kubwa ni ile kanuni ya kushika herufi ya kwanza. Rehema ni R500, Lehema ni L500. Khamisi ni K520, Hamisi ni H520, Amisi ni A520. Jina moja, droo tatu. Dhahabu na zahabu, hivyo hivyo. Mkanganyiko wa r na l, na ule wa h inayomezwa mwanzoni mwa neno, ndiyo makosa ya sikio tunayokutana nayo zaidi katika Kiswahili, na Soundex imeyaweka yote mawili mahali isipoweza kuyaona: herufi ya kwanza haiguswi, na r na l zimepewa tarakimu tofauti hata zikiwa katikati ya neno.

Upande wa pili inakusanya wasiohusiana. Kiswahili hutembea kwa silabi za konsonanti na irabu, na irabu ndizo zinazobeba nusu ya habari. Ukizitupa, Amina na Amani wanakuwa A550 wote wawili. Juma, Jane na Jimmy wanakaa pamoja kwenye J500. Kwa majina ya Kiingereza yenye konsonanti zilizorundikana hasara hiyo huvumilika. Kwetu unabaki na mifupa miwili na hujui ni ya mnyama gani. Niitendee haki lakini: Mohamed, Muhammad, Mohammed na Mohamedi wote wanaangukia M530, na kwa jina hilo kutupa irabu kunasaidia. Ila Mahmud naye ni M530, na Mahmud ni jina jingine kabisa.

Kuna na tego ambalo halitajwi. Soundex si moja. MySQL huondoa irabu kwanza ndipo iunganishe tarakimu zinazofanana, na haikati ufunguo kwenye herufi nne. PostgreSQL huunganisha zilizogusana tu, irabu zikiwa bado zimesimama katikati. Kwa hiyo Amina ni A500 upande mmoja na A550 upande mwingine. Wanaohamisha orodha kutoka mfumo mmoja hadi mwingine pamoja na safu ya funguo zilizokwisha kukokotolewa hushangaa jina kujikataa lenyewe. Usihamishe funguo. Hamisha majina, kisha kokotoa upya.

Wapo watakaosema basi tutumie Metaphone, aliyoitoa Lawrence Philips mwaka 1990, au Double Metaphone ya mwaka 2000. Metaphone ni hodari kuliko Soundex kwa jambo moja: inasoma herufi kwa kuangalia jirani zake. Lakini inazisoma kwa kanuni za Kiingereza. G ikifuatwa na e au i inaifanya j. Sasa chukua neno mgeni: Metaphone inakupa MJN. Chukua mjini: MJN. Kwa msomaji wa Kiswahili g haijawahi kuwa j, iwe mbele ya a au mbele ya e. Th inaijua, dh haijui. Ramadhani inatoka RMTHN na Ramazani RMSN, na umbali kati yao umezidi ule wa Soundex. Double Metaphone hutoa funguo mbili kwa kila jina ili kubahatisha matamshi ya pili, ila hayo matamshi ya pili kwa sehemu kubwa yamechukuliwa kwenye lugha za Ulaya.

Wenzetu walipoona hayafai walijitengenezea. Wajerumani wana Kölner Phonetik ya Hans Joachim Postel tangu 1969. Majina ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki yalipatiwa Daitch–Mokotoff mwaka 1985, yenye tarakimu sita badala ya tatu. New Zealand walitoa Caverphone mwaka 2002 kwa ajili ya daftari zao za wapiga kura. Hakuna aliyengoja Soundex ijifunze lugha yake.

Tuje kwenye mbinu za mkono. Mama yao ni umbali wa Levenshtein, uliopewa jina la Vladimir Levenshtein aliyeuandika mwaka 1965: hesabu mara ngapi utaongeza herufi, kufuta au kubadili ili neno hili liwe lile. Rehema hadi Lehema ni 1. Haimsi hadi Hamisi ni 2, kwa kuwa kupishana kwa herufi mbili kunahesabiwa kama mabadiliko mawili. Ukitumia hesabu ya Damerau, inayokubali kupishana kuwa kosa moja, ni 1. Kwa maandishi yanayochapwa chagua ya Damerau bila kusita. Yeye mwenyewe alionyesha mwaka 1964 kwamba zaidi ya asilimia 80 ya makosa aliyoyachunguza yalikuwa ni herufi moja kuzidi, kupungua au kubadilika, au mbili jirani kupishana.

Udhaifu wa Levenshtein ni kwamba kosa lolote ni kosa. Alima hadi Halima ni 1. Salima hadi Halima ni 1. Kwa sikio lolote wa kwanza ni mtu yule yule na wa pili ni mwingine, lakini hesabu imewapa alama sawa. Ramadhani hadi Ramazani ni 2, kwa sababu dh imehesabiwa herufi mbili wakati ni sauti moja. Muhammad hadi Mohamedi ni 4, nusu ya jina zima. Tena umbali wa 1 katika jina la herufi nne si umbali wa 1 katika jina la herufi kumi na mbili, kwa hiyo ni lazima ugawanye kwa urefu wa jina refu zaidi, au uweke ngazi. Elasticsearch, programu ya kutafuta ndani ya maandishi, ukiiachia iamue yenyewe, haikubali kosa kwa neno la herufi mbili au pungufu, inakubali moja kwa herufi tatu hadi tano, na mawili kuanzia sita. Ni ngazi za kuanzia zisizo mbaya kwa utafutaji. Kwa kuunganisha kumbukumbu za watu ni za kulegea mno.

Na kwa matini ya kawaida, si majina, Levenshtein peke yake ni hatari kwetu kwa sababu ya viambishi. Anasoma na atasoma vimetengana kwa herufi moja. Anasoma na wanasoma, moja. Kisahihisha tahajia kinachofuata neno la karibu tu kitambadilishia mtu njeo au nafsi bila kumwambia. Huko inatakiwa kwanza kuchambua kitenzi, utenge viambishi na mzizi, ndipo upime umbali kwenye mzizi.

Jaro–Winkler, inayopima herufi ngapi za majina mawili zinalingana mahali pa karibu, hupendwa sana na wanaoshughulikia majina. Matthew Jaro aliitumia kulinganisha kumbukumbu za sensa na akaichapisha mwaka 1989. William Winkler akaongeza mwaka 1990 zawadi kwa majina yanayoanza sawasawa, hadi herufi nne za mwanzo, kila moja ikifunika sehemu ya kumi ya pengo lililobaki. Alama ni kati ya 0 na 1. Wazo la Winkler lilitokana na kuona kwamba watu hawakosei sana mwanzo wa jina. Kwa Kiswahili wazo hilo linapinduka mara mbili. Kwanza, mwanzo ndiko h na r zinakopotelea. Pili, tuna majina mengi yanayoshiriki mwanzo mmoja. Pima Mwanaisha na Mwanaidi, watu wawili tofauti: herufi sita zinalingana, alama ya Jaro ni 0.806, na zawadi ya »mwan« inaipandisha hadi 0.883. Pima sasa Rehema na Lehema, mtu mmoja: herufi tano kati ya sita zinalingana, 0.889, na zawadi hapati kwa kuwa herufi ya kwanza imetofautiana. Pengo kati ya jozi ya kweli na jozi ya uongo ni 0.006. Kizingiti, yaani alama inayotenganisha wanaokubaliwa na wanaokataliwa, ukikiweka 0.88 wote wanapita, ukikiweka 0.89 wote wanaanguka. Ukiwa na orodha yenye akina Mwana wengi, zima zawadi ya Winkler ubaki na Jaro, au kata »mwana« kabla ya kupima na uirudishe baadaye.

Mbinu ya vipande vya herufi tatu tatu inastahili sifa kuliko inavyopewa. Kila jina linakatwa vipande vinavyopandana, kila kimoja kikianza herufi moja mbele ya kilichotangulia, vinahesabiwa vipande ambavyo majina mawili yanashirikiana na kugawanywa kwa vipande vyote vya wote wawili, cha pamoja kikihesabiwa mara moja. Nyongeza ya pg_trgm ya PostgreSQL huweka nafasi mbili tupu mbele ya kila neno na moja nyuma, na kiwango chake cha kawaida ni 0.3. Uzuri wake mkubwa: haijali mpangilio. Juma Hamisi na Hamisi Juma wanapata 1 kamili, mahali ambapo Levenshtein anaona fujo tu. Na ina faharasa, kwa hiyo inatafuta ndani ya orodha ndefu bila kupima kila jina. Ubaya wake ni majina mafupi. Asha na Aisha hupata 0.375, Ali na Aly 0.333, herufi moja ikibadilika katikati ya jina fupi inaua vipande vitatu kwa mpigo. Na haijapona ugonjwa wa akina Mwana: Mwanaisha na Mwanaidi 0.46, Rehema na Lehema 0.40. Jozi ya uongo imeshinda jozi ya kweli.

Sasa la kufanya. Tengeneza ufunguo wa sauti wa Kiswahili, utumie kukusanya wanaoelekea kufanana, kisha panga waliokusanywa kwa umbali wenye uzito. Ufunguo wenyewe ni mistari ishirini ya programu. Kazi iko kwenye mpangilio wa hatua, kwa hiyo nitauandika kwa utaratibu.

Geuza herufi zote ziwe ndogo. Sawazisha ritifaa, ile alama iliyo ndani ya ng': katika faili moja utaikuta ile iliyonyooka, yenye namba U+0027 katika orodha ya kimataifa ya herufi za kompyuta, ile iliyopinda, U+2019, na mara nyingine U+02BC, na kwa kompyuta hizo ni herufi tatu zisizojuana. Kwa ufunguo zifute zote, kwa sababu Ng'ang'a huandikwa pia Nganga, na mwenye jina ni yule yule. Futa vistari na nafasi. Sasa, kwa kuwa herufi zote ni ndogo, herufi kubwa ziko huru kutumika kama alama za sauti zinazoandikwa kwa herufi mbili: ch iwe C, sh iwe S, ny iwe Y, ng iwe N. Fanya hivi kabla ya kugeuza herufi nyingine yoyote. Anayeanza na kanuni ya kugeuza c za kigeni kuwa k ataona kioja hiki: Chausiku anakuwa khausiku, kisha kanuni ya kh inampeleka kwenye hausiku, kisha h inafutwa, na Chausiku anaishia akiwa ausik, jirani wa watu asiowajua.

Baada ya hapo kh iwe h, gh iwe g, dh iwe z, th iwe s, ph iwe f. C ndogo iliyobaki iwe s ikifuatwa na e au i, vinginevyo k. Q iwe k, x iwe ks. Y ndogo inayofuatwa na konsonanti au iliyo mwisho wa jina iwe i, ili Zaynab na Zainab wakutane. U inayofuatwa na irabu iwe w, ili Suedi akutane na Swedi. L zote ziwe r. Herufi zilizorudiwa zikigusana, bakisha moja. Ndipo ufute h zote zilizosalia. Mpangilio huu wa mwisho una sababu: ukifuta h kwanza, Rehema anakuwa reema, kisha kanuni ya kurudiwa inamfupisha kuwa rema, na silabi nzima imepotea. Na ukifuta h kabla ya kushughulikia dh, Ramadhani anabaki ramadani na hatakutana na Ramazani milele. Hatua ya mwisho, ondoa i au u iliyo mwishoni, mradi zibaki herufi tatu au zaidi. Hizo ndizo irabu tunazoongeza kwenye majina yaliyoishia konsonanti: Salim na Salimu, Zainab na Zainabu. A usiiguse. Salim ni mwanamume, Salima ni mwanamke.

Jaribu uone. Khamisi, Hamisi, Hamis, Amisi: wote amis. Rehema na Lehema: reema. Ramadhani, Ramadhan na Ramazani: ramazan. Halima na Alima: arima, Salima: sarima. Amina na Amani: amina na aman, wametengana. Irabu zimebaki, na hilo ndilo linalofanya tofauti.

Kuna watakaobaki nje. Ramadan anabaki ramadan. Mohamed anakuwa moamed na Muhammad anakuwa muamad, na jina hilo kwa wingi wa tahajia zake halitulizwi na kanuni yoyote isiyoharibu mengine. Lipewe jedwali la visawe, tahajia zote zielekezwe kwenye moja kabla ya ufunguo. Is-haka ni mtihani mwingine: ukifuta kistari, s na h zinaungana zikawa sauti ya Asha, na wengine wanaandika Isihaka. Naye jedwalini. Kwa kawaida majina ya kuweka humo ni makumi machache, na unayapata kwa kupanga orodha yako kwa wingi wa kutokea na kusoma ya juu kwa macho.

Ufunguo huu usiukabidhi kazi ya kusahihisha maneno. Umeundwa kusahau tofauti, na Kiswahili kinazihitaji tofauti hizo: dhana na zana, thamani na samani, mahari na mahali. Kwa kanuni nilizozitoa, ghali inakuwa gar, na gari nayo inakuwa gar. Wenye masikhara watasema hapo haujakosea sana.

Umbali wenye uzito ni Levenshtein yule yule, ila bei za makosa hazilingani. Ulipime jina lililokwisha kubadilishwa sauti za herufi mbili kuwa alama moja moja, dh, th, gh na kh zikipewa alama zao pia, lakini kabla ya r na l kuunganishwa. Anza na bei hizi: r kwa l, dh kwa z, dh kwa d, th kwa s, gh kwa g, kh kwa h, kila moja 0.3, h kuongezeka au kupotea 0.3; i au u ya mwisho 0.3, irabu kwa irabu 0.6; mengine yote 1. Gawanya jumla kwa urefu wa jina refu. Rehema na Lehema wanapata 0.05. Halima na Alima nao 0.05. Ramadhani na Ramadan, 0.6 juu ya sauti nane, ni 0.075. Halima na Salima ni 0.17. Mwanaisha na Mwanaidi ni 0.20. Linganisha na ule mstari wa 0.006 wa Jaro–Winkler: sasa kizingiti cha 0.12 kina pa kusimama bila kukanyaga mtu. Bei zenyewe si amri. Zinapatikana vizuri zaidi kwa kuhesabu makosa ya orodha yako. Kama walioandika ni watu ambao lugha zao za kwanza hazitenganishi b na p au d na t, jozi hizo nazo zipunguziwe.

Kwa nini basi tusipime umbali huo kwa kila jozi tukaachana na ufunguo? Hesabu. Majina 10,000 yana jozi 49,995,000. Yakigawanyika kwenye funguo 1,000 za majina kumi kumi, jozi ni 45,000. Majina hayagawanyiki sawasawa hivyo, na ufunguo mmoja wenye majina 500 peke yake una jozi 124,750, kwa hiyo funguo zilizojaa zigawanywe tena kwa jina la pili au mwaka wa kuzaliwa. Ili kuwanasa akina Ramadan walioteleza, ongeza mkupuo wa pili kwa vipande vya herufi tatu. Ramadhani na Ramadan wana 0.385, wanapita kiwango cha 0.3. Mkupuo huu utaleta takataka nyingi, na ni sawa: kazi yake ni kuleta, umbali wenye uzito ndio utakaochuja.

Kizingiti usikiokote barabarani. Chukua jozi 200 ambazo watu wawili wanaolijua jina na mwenye jina wamekubaliana ni mtu mmoja, na 200 walizokubaliana si mtu mmoja. Hizi za pili zichague zenye kufanana, akina Halima na Salima, maana jozi za Juma na Zainabu haziufundishi mfumo chochote. Pima mambo mawili kila unaposogeza kizingiti: kati ya jozi mfumo ulizozitaja, ngapi ni za kweli, na kati ya za kweli, ngapi umezipata. Moja ikipanda nyingine hushuka. Pa kusimama panategemea kosa lipi linauma. Kwenye kutafuta, jina la ziada kwenye majibu halimdhuru mtu. Kwenye kuunganisha kumbukumbu, kuwafanya watu wawili mmoja ni kosa baya kuliko kumwacha mtu mmoja akionekana mara mbili, na kulitengua ni kazi ya siku nyingi. Ndiyo maana jozi zilizo kati ya 0.08 na 0.15, tuseme, zipelekwe kwa mtu azitazame pamoja na tarehe ya kuzaliwa, wala zisiunganishwe zenyewe usiku.

Na tahajia ya asili isiandikwe juu. Jina libaki kama mwenyewe alivyoliandika; ufunguo ukae kwenye safu yake, pembeni yake namba ya toleo la kanuni zilizoutengeneza. Siku utakapoongeza kanuni moja tu, kokotoa safu nzima upya usiku huo huo, zamani na mpya pamoja. Ukikokotoa mapya peke yake, Chausiku aliyeandikishwa mwaka jana na Chausiku aliyeandikishwa jana watakuwa na funguo mbili, na hakuna ujumbe wowote wa kosa utakaotokea kwenye kioo.

Msomaji wenu,
Fundi wa hifadhidata